Mkono wa Lord Raglan

Wahariri, wiki hii mmeuliza kama mtoto wa ukoo mkubwa anafaa kukabidhiwa jeshi, mkamtolea mfano Lord Raglan, jemadari wa Waingereza katika vita vya Crimea dhidi ya Warusi. Nilijibu kabla sijamaliza kusoma: hafai! Tarehe 25 Oktoba 1854, pale Balaclava, Raglan alikuwa juu kilimani anaona mizinga ambayo Warusi walikuwa wakiichukua. Akaamuru wapanda farasi wakaizuie. Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi, aliyepokea karatasi ya amri hiyo, alikuwa bondeni, haioni, na amri haikutaja mizinga ipi. Chini yake alikuwa shemeji yake, Lord Cardigan, na wawili hao hawakuivana hata kidogo. Watu zaidi ya 600 wakaenda kuivamia mizinga mingine kabisa. Zaidi ya 100 walikufa.

Lakini mimi ni fundi cherehani, na jina Raglan nililijua kwanza kwa mkono wa nguo: ule ambao mshono wake unapanda kutoka kwapani moja kwa moja hadi kwenye kola, begani hakuna mshono. Umepewa jina lake. Yeye mwenyewe alipoteza mkono wa kulia katika vita vya Waterloo, mwaka 1815, wakati dawa ya usingizi haijapatikana. Husimuliwa kwamba aliita mkono uliokatwa urudishwe, kwani kidoleni kulikuwa na pete ya mkewe, Emily. Walikuwa hawajatimiza hata mwaka wa ndoa.

Marehemu baba alikatwa mkono wa kulia na msumeno wa mashine, mimi nikiwa darasa la nne. Aliporudi kutoka hospitali, mashati yake yote yalimbana penye kidonda. Mama akayafumua moja moja, akayakata upya kwa mtindo huo, usiku, kibatari kikiwa juu ya meza ya cherehani. Upande wa pili wa meza ile baba alikuwa na daftari langu la hesabu, anajifunza kuandika kwa kushoto. Alianza na jina la mama. Herufi zililala, karatasi ikachanika. Alifungua ukurasa mwingine bila kusema neno. Mama hakuinua macho. Alikanyaga cherehani tu.

Raglan naye alijifunza kuandika kwa kushoto, na kwa miaka mingi akawa katibu wa Wellington, jemadari wa Waingereza aliyemshinda Napoleon pale Waterloo. Alikuwa kitinda mimba wa Duke wa Beaufort, cheo kikubwa cha ukoo Uingereza, na kwao cheo cha baba hurithiwa na mwana wa kwanza. Mwaka 1845 mwana mkubwa wa Raglan, Arthur, aliuawa vitani India. Miaka tisa baadaye mzee huyo akapelekwa Crimea. Alifia huko, Juni 1855, akiugua tumbo la kuhara.

Basi siwezi tena kumtupia lawama kama nilivyoanza. Jeshi bado nisingempa, ila sasa sababu yangu ni kwamba alikuwa na miaka 65 na hajawahi kuongoza jeshi vitani. Alipaswa kubaki kwenye barua, alikoiva. Mtu akiniambia bila ukoo asingefika hata kwenye barua hizo, nitakubali: Wellington alimchukua akiwa hajafika miaka 20, na Emily alikuwa mpwa wa Wellington.