Kampala hadi Arua: Hesabu Saa Kuanzia Mlangoni Kwako

Kila mgeni anayejiandaa kuja kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huniuliza apande ndege au basi, na karibu kila mmoja huwa ameshajijibu kwa kutazama ramani. Ukinyoosha uzi kutoka Entebbe, uliko uwanja wa ndege, hadi Arua utapata takriban kilomita 375, ilhali barabara kutoka Kampala inakaribia kilomita 500. Barabara haina hiari: hulazimika kufuata madaraja ya Mto Nile, ikipanda kaskazini kupitia Luweero na Kafu hadi Karuma, ndipo igeuke magharibi kandokando ya Hifadhi ya Murchison Falls, ivuke tena mto pale Pakwach na kupita Nebbi.

Ndege ndogo humaliza safari hiyo kwa muda wa saa moja na robo hivi, na basi kwa saa nane au tisa. Hata hivyo, saa za angani si saa za safari. Mimi nilikuwa nikiishi Kawempe, upande wa kaskazini wa jiji, na uwanja wa ndege uko kusini, kwa hiyo nilianza kila safari kwa kuipa Arua kisogo na kuvuka Kampala nzima hadi Entebbe.

Mjomba wangu alipofariki, nilikata tiketi ya ndege ya asubuhi nikiamini kwamba nitawahi. Mvua ikanyesha, tukakaa uwanjani hadi adhuhuri, nami nikafika kaburi limeshafukiwa, kwa kuwa maziko yetu Waislamu hayacheleweshwi. Binamu yangu, ambaye usiku ule ule alipanda basi, alifika alfajiri na akaisalia maiti. Tangu siku hiyo, jambo lenye saa maalumu silikabidhi kwa ndege ya siku hiyo hiyo. Ama nasafiri siku moja kabla, ama napanda basi.

Ukichagua basi, nakusihi upande lile linaloondoka kabla ya mapambazuko. Msongamano wa Bwaise na Kawempe unaweza kukula saa nzima kabla hujaliona shamba hata moja, na ukiondoka mapema utaupita barabara ikiwa bado tupu. Basi la usiku nalo huukwepa, lakini hadi Karuma linatumia barabara moja na malori yaendayo Sudan Kusini, na mimi huona ni heri kuyapita kukiwa na mwanga. Uliza pia hali ya madaraja kabla ya kulipa nauli. Mwishoni mwa 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo, na magari ya kwetu yakazungushwa kupitia Masindi na Paraa.

Mizigo nayo ina neno lake. Katika ndege ndogo mara nyingi unaruhusiwa kilo 15 tu, kwa hiyo mwenye gunia la mchele wa harusi hana haja ya kufikiri mara mbili.

Lakini mama alipotakiwa kurudi nyumbani baada ya kupasuliwa nyonga Kampala, sikuuliza bei wala kilomita. Hakuweza kuketi hata saa mbili mfululizo. Tulilala Entebbe kwa jamaa ili asubuhi isitukimbize, tukapanda ndege, na kabla ya adhuhuri alikuwa kitandani kwake.