Jibu: Kwa nini mbunge asiongeze tu fedha za mitaro?

Dada, umeuliza kwa nini mbunge wetu hapa Tanga asichomeke fedha za mitaro ya Ngamiani kwenye bajeti, wakati Bunge ndilo linaloipitisha. Hana uwezo huo. Ibara ya 99 ya Katiba ya 1977 inalizuia Bunge kushughulikia kodi mpya, kupandisha kodi au kutoa fedha Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka pendekezo litoke kwa Rais na liletwe na waziri. Wakiikataa bajeti, ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge, warudi majimboni kuomba kura upya. Nani atathubutu?

Ndiyo maana unawasikia wabunge "wakishika shilingi" ya mshahara wa waziri, yaani wakitishia kuuzuia mshahara huo: waziri anabanwa, anatoa ahadi, shilingi inarudishwa. Marekani ni tofauti kabisa, Congress, yaani bunge lao, huweza kubadili mapendekezo ya Rais itakavyo.

Halmashauri nayo usiitegemee sana. Kodi ya majengo tunakatwa kwenye LUKU, yaani tunaponunua umeme, tangu 2021, badala ya kuilipa moja kwa moja halmashauri. Mimi ningembana mbunge mapema, mipango ikiwa bado wizarani. Mwezi Juni, bajeti ikishasomwa bungeni, umeshachelewa.