Ngiri na dawa za mizizi: majibu ya maswali yenu

Nina uvimbe kinenani, nikisimama unatokeza nikilala unarudi. Kuna dawa ya mizizi nauziwa, ninywe? (dereva boda, Morogoro)

Usinywe kaka. Hiyo inafanana kabisa na ngiri, yani ukuta wa tumbo umelegea hapo na utumbo au mafuta ya ndani yanapenya, sasa mzizi wa kunywa utaziba vipi tundu? Dawa yake ni upasuaji, wanarudisha kilichotoka ndani halafu wanashonea wavu wa kuimarisha ukuta, mara nyingi kwa ganzi tu na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Kuhusu gharama, Uganda walijaribu wavu wa neti kama ya chandarua iliyotakaswa kitaalamu, utafiti ukatoka 2016, na baada ya mwaka matokeo hayakupishana na ya wavu ule wa bei mbaya.

Ila ukiona uvimbe umekuwa mgumu, hausukumiki, maumivu makali na unatapika, hapo utumbo umenyongwa, usilazimishe kuurudisha, wahi hospitali saa hiyohiyo maana unaweza kuoza na watu wanakufa kwa hili.

Ni kweli ngiri inamaliza nguvu za kiume? Mume wangu hana raha.

Sio kweli dada, na inaniuma sana jinsi uongo huu unavyowala watu hela zao. Maumivu yanaweza kumfanya aogope tendo, basi. Kama nguvu zimepungua akapime sukari na presha.

Inatokana na kubeba mizigo?

Mizigo inachangia, ila wengine wamezaliwa na upenyo tayari, pale korodani zilipopita kushuka, ndo maana wanaume inawapata sana kuliko wanawake. Kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni, uzito, na wazee wanaosukuma mkojo kwa sababu ya tezi dume, vyote vinasukuma tumbo. Kwa hiyo tibu kikohozi, acha sigara, kula mboga na maji ya kutosha.

Mwanangu ana miezi 8, kitovu kimetokeza, bibi yake kamfunga sarafu.

Mama, mwombe bibi kwa upole muitoe, haisaidii na inaweza kumchubua akapata vidonda. Ngiri ya kitovu kwa watoto wengi inajifunga yenyewe kabla ya miaka 4 au 5. Ya kinena ndo haijifungi, ukiiona hiyo mpeleke mapema, na akilia bila kunyamaza huku uvimbe umekaza nendeni usiku huohuo.