Picha ya meno ya pande tatu: maswali yenu wiki hii

Barua nyingi za safari hii zimeangukia jambo moja: ile mashine inayomzunguka mgonjwa kichwani na kutoa picha ya taya ya pande tatu. Zilizofanana nimeziunganisha.

Shikamoo daktari. Nataka kung'oa gego la mwisho la chini. Nimeshapiga picha ya taya zima, sasa naambiwa nipige nyingine ya pande tatu. Huku si kuliana hela?

Marahaba. Huenda ikawa hivyo, ila kabla hujamshuku mwenzangu, jua anachokitafuta. Picha ya kawaida ni kivuli. Simamisha vidole viwili mbele ya taa, kimoja nyuma ya kingine, kisha tazama ukutani: utadhani vimegusana, kumbe kati yake panapita mkono mzima. Ndivyo ilivyo kwa gego la mwisho na mfereji wa neva unaopita ndani ya mfupa wa taya la chini. Kwenye picha bapa mzizi unaonekana umeukalia mfereji, na huwezi kujua kama vimegusana kweli au kimoja kiko upande wa shavu na kingine upande wa ulimi. Neva hiyo ndiyo inayoupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Ikijeruhiwa, ganzi inaweza kukaa miezi, na kwa wachache isiondoke tena.

Kwa hiyo kwenye picha ya kwanza tunaangalia dalili: mstari mweupe wa ukingo wa mfereji umekatika, mzizi umeingia weusi pale unapokutana na mfereji, au mfereji wenyewe umepinda ghafla. Nikiona mojawapo, nami ningekuagiza picha ya pande tatu. Kwenye kompyuta naifungua kama kitabu. Nazungusha gurudumu la mausi, ukurasa baada ya ukurasa, kila mmoja una unene usiofika hata nusu milimita, hadi litokee tundu jeusi lenye ukingo mweupe. Huo ndio mfereji. Nazidi kuzungusha nikiutazama mzizi unavyolisogelea. Ukingo ukibaki mzima mpaka mwisho, napumua. Ukipotea, na mfereji ukawa umebonyea kama mrija uliokanyagwa, mpango unabadilika. Pengine nitakata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi palepale.

Lakini niseme na upande wa pili. Utafiti haujaonyesha kwamba kumpiga kila mgonjwa picha hii kunapunguza majeraha ya neva. Kama mizizi yako iko mbali na mfereji, picha ya kwanza inatosha. Muulize daktari: "Picha hii ikitoka, utafanya nini ambacho usingekifanya bila hiyo?" Mwenye sababu atakujibu bila kununa.

Mwanangu ana miaka 11, chonge moja la juu halijatoka. Daktari wa vyuma vya meno anataka picha ya pande tatu. Naogopa mionzi kwa mtoto.

Mama, hofu yako ina msingi. Seli za mtoto zinagawanyika kwa kasi na ana miaka mingi mbele yake, kwa hiyo mionzi ileile ina uzito zaidi kwake kuliko kwako. Tuyapime kwa namba. Kila binadamu hupata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na hata ndani ya chakula. Wastani wa dunia ni kama maikrosiveti (kipimo cha mionzi mwilini) 2,400 kwa mwaka, yaani kati ya 6 na 7 kwa siku. Picha ndogo ya jino moja kwa kawaida haifiki 10. Picha ya pande tatu ina tofauti kubwa mno kati ya mashine na mashine: ikilenga eneo dogo, inaweza kuwa makumi kadhaa tu, sawa na siku chache hadi wiki mbili hivi za mionzi ya asili. Ikichukua kichwa kizima, inaweza kupita mamia. Hapo ndipo pa kubana. Omba eneo dogo linalozunguka chonge hilo tu, na mashine ipangwe kwa kipimo cha mtoto.

Je, inahitajika? Daktari huanza na kidole: anapapasa ufizi juu ya chonge la utotoni akitafuta uvimbe mgumu. Asipousikia, na picha ya kawaida ikaonyesha chonge limelala kuelekea meno ya mbele, kuna jambo la kuhofia kuliko mionzi. Chonge lililopotea njia huweza kuula mzizi wa jino jirani kimyakimya, bila maumivu yoyote, na kwenye picha ya kivuli kuliwa huko hufichika. Kama hiyo ndiyo sababu aliyokupa, ningemruhusu.

Nina hofu ya kufungiwa. Nitaingizwa kwenye lile bomba la hospitali?

Hapana. Utasimama au utakaa, kidevu kwenye kishikizo, na mkono wa mashine utakuzunguka kichwa ukitoa mwali wenye umbo la koni. Sekunde 10 hadi 40 hivi. Vua hereni, miwani, vibanio vya nywele na meno bandia ya kutoa. Usimeze mate, usigeuze shingo. Picha iliyotikisika haisomeki, na kurudia ni mionzi mara mbili. Ukiona sekunde hizo ni ndefu, mkumbuke Otto Walkhoff, daktari wa meno Mjerumani aliyepigwa picha ya meno yake mwenyewe mwaka 1896. Alikaa kimya dakika 25.

Zamani nilivalishwa aproni nzito ya risasi. Juzi sikuvalishwa chochote. Nimepuuzwa?

Hukupuuzwa. Mwali wa mashine za sasa umebanwa sana, na ule kidogo unaofika tumboni hutawanyikia ndani ya mwili wako mwenyewe, ambako aproni haizuii kitu. Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilipendekeza aproni na hata kinga ya shingoni viachwe. Kinga ya shingo ikikaa vibaya hukata sehemu ya picha. Sheria za baadhi ya mahali bado zinaidai, kwa hiyo ukivalishwa usishangae pia. Mjamzito aseme tu mapema.

Jino langu la juu lilitibiwa mizizi mwaka jana, bado linauma. Picha ya pande tatu imesema "hakuna kitu". Nimelogwa?

Pole sana. Hujalogwa, ila picha hii ina upofu wake, na jino lako liko palepale penye upofu. Dawa iliyojazwa kwenye mizizi, kofia ya chuma, pini: vyote hivyo hutupa michirizi myeupe na myeusi kwenye picha, kama mwanga wa gari unaokupiga usoni usiku. Ufa mwembamba kama unywele ukiwa katikati ya michirizi hiyo hauonekani. Mara nyingi tunaushuku kwa kuona mfupa umeliwa kando ya mzizi, na hilo huchukua muda.

Kuna na jambo jingine. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini mara nyingi mifereji ya ndani ya mizizi hiyo ni minne. Wa nne ni mwembamba na hukosekana kirahisi. Mwombe daktari wa mizizi aitazame picha hiyohiyo tena akiutafuta mfereji huo, kabla hujapigwa nyingine. Ufizi na misuli navyo haionyeshi vizuri. Maumivu ya misuli ya kutafuna yanaweza kujifanya ya jino kabisa.

Walinipitishia kitu kama kalamu nene mdomoni, meno yakatokea kwenye skrini yana rangi. Hiyo nayo ni mionzi?

Hapana, ni mwanga na kamera. Inachora uso wa meno na ufizi tu. Ndani ya mfupa haioni. Imechukua nafasi ya ule unga wa kukandwa uliokuwa ukikufanya utake kutapika. Mfaransa François Duret aliliandika wazo hili mwaka 1973, na huko Zürich, Uswisi, mgonjwa wa kwanza alizibwa jino kwa njia hiyo mwaka 1985.

Nimehama daktari, mpya anataka nipige upya. Ya zamani ina miezi minne.

Omba faili lote kutoka kwa yule wa kwanza, kwenye flashi au diski. Usikubali karatasi mbili tatu zilizochapishwa. Hizo ni kurasa alizochagua mtu mwingine, na daktari wako mpya anataka kuzungusha gurudumu mwenyewe. Kwa kazi nyingi miezi minne si kitu, isipokuwa kama umeng'olewa jino au kuongezewa mfupa hapo katikati. Na ulifungue faili hilo kwenye kompyuta yao kabla hujatoka mlangoni. Mwaka huu nimeshaletewa diski tupu mara mbili.