Mwacheni ashike brashi mwenyewe

Tangu nilipoeleza habari za karakana yetu ya Jumamosi, ambako vijana wenye ulemavu wa akili, usonji na Down sindromu huchora, hufinyanga na kuigiza, maswali hayajakatika. Nimeyafupisha na kuondoa majina. Wengi mnauliza jambo lilelile kwa njia tofauti: hii ni sanaa kweli, au ni namna ya kuwaweka watu hawa mahali wasizurure?

Shikamoo mwalimu. Kijana wangu ana miaka 22, ana Down sindromu. Alimaliza kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi, tangu hapo yuko nyumbani. Kutwa anachora ukutani kwa mkaa. Majirani wanasema nimpe kuku afuge, michoro haitamlisha. (Mama, Tanga)

Marahaba mama. Kuku afuge, ni kazi nzuri, lakini mkaa msimnyang'anye. Mtu anayerudia jambo lilelile kutwa nzima bila kutumwa na yeyote, ana kitu anakitafuta.

Hali ya kijana wako naijua. Kitengo kinaisha, na baada ya kitengo hakuna mlango mwingine. Huko California walikutana na ukuta huohuo nusu karne iliyopita. Jimbo lilikuwa likiwatoa watu katika taasisi kubwa walikofungiwa tangu utotoni, na sheria ya mwaka 1969 ikawapa haki ya kuhudumiwa wakiwa katika jamii. Wakarudi mitaani, wakakaa tu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Elias Katz na mkewe Florence Ludins-Katz, ambaye alikuwa msanii, walifungua gereji ya nyumba yao Berkeley, wakaweka meza, karatasi na rangi. Ndipo ilipozaliwa studio ya Creative Growth, ambayo baadaye ilihamia mji jirani wa Oakland. Leo wasanii zaidi ya 100 wenye ulemavu hufanya kazi pale.

Mmoja wa waliopitia pale alikuwa Judith Scott. Alizaliwa mwaka 1943, pacha, akiwa na Down sindromu. Alikuwa pia kiziwi, ila hakuna aliyeligundua hilo. Walimpima kwa maswali ya mdomo, asipojibu wakaandika kwamba hafundishiki. Akiwa na miaka 7 alipelekwa katika taasisi huko Ohio, akaishi hivyo miaka 35. Pacha wake, Joyce, ndiye aliyemtoa na kumleta California. Mwaka 1987 akaingia Creative Growth, na kwa karibu miaka miwili hakuna kilichomvutia. Alipewa kalamu, akapewa rangi, akachorachora bila hamu. Hakuna aliyemfukuza. Kisha siku moja akakaa kwenye darasa la msanii wa nyuzi, akaokota vijiti, akavifunga pamoja kwa uzi. Hapo hakuacha tena mpaka alipofariki mwaka 2005. Alichukua kiti, feni, hata toroli ya dukani, akavizungushia nyuzi na vitambaa kwa wiki na miezi mpaka cha ndani kisionekane. Mwaka 2014 Jumba la Makumbusho la Brooklyn, New York, lilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake peke yake.

Mimi hukaa zaidi kwenye ile miaka miwili. Ni programu ngapi zingemvumilia mtu miezi ishirini na zaidi, bila kitu cha kuwaonyesha wafadhili?

Kwa hiyo mama, tafuta karatasi kubwa. Migongo ya kalenda kuukuu na mabango ya kampeni inafaa sana. Ibandike palepale ukutani anapochora. Kila kazi andika tarehe, uihifadhi mahali pasipofika maji wala panya. Baada ya miezi sita zitandaze sakafuni zote kwa pamoja, uzitazame ukiwa naye.

Nafundisha kitengo cha shule moja Dodoma. Siku ya wazazi ikikaribia nawashika watoto mkono ili picha zitoke vizuri. Mwenzangu ananiambia nakosea. Kweli?

Mwalimu, mwenzako yuko sahihi, na nakwambia hivyo kwa sababu nililifanya kosa hilo mwenyewe.

Tulikuwa na msichana mmoja, hasemi, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akipiga mstari wa buluu. Mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, halafu mwingine chini yake, mpaka karatasi inajaa. Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi inayofuata. Nikaona aibu, sijui kwa nini, wawakute wengine wana maua na nyumba yeye ana mistari. Nikaufunika mkono wake kwa wangu, tukachora nyumba yenye bati jekundu. Wageni waliisifu ile nyumba. Yeye aliiweka brashi chini taratibu, na wiki nne zilizofuata hakuigusa. Alikuja, akakaa, akaniangalia. Siku aliyorudi kwenye buluu yake, mstari wa kwanza aliuanzia juu kabisa ya karatasi, mbali na nilipokuwa nimekaa.

Kazi ya mwezeshaji imo katika yale yanayotangulia brashi. Bandika karatasi mezani kwa utepe wa gundi isiteleze. Kama vidole havikazi, nenepesha mpini wa brashi kwa kuuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Weka rangi mbili achague, kumi na mbili zinamchanganya. Kopo la maji liwe zito, lisipinduke. Halafu kaa, subiri, na kusubiri ndiko kugumu. Akisimama muulize kwa neno au kwa ishara kama amemaliza, na jibu lake liwe la mwisho hata kama wewe unaona kona moja ni tupu.

Studio kama Creative Growth huajiri wasanii kuwa wawezeshaji, na naona wamefanya vyema. Mtu anayechora mwenyewe anajua kona tupu inaweza kuwa imeachwa kwa makusudi.

Siku ya wazazi tundika mistari. Iweke kwenye fremu nzuri, chini yake jina la mtoto.

Hii si ndiyo sanaa tiba? (Mwanafunzi wa ustawi wa jamii, Nairobi)

Ni vitu viwili. Sanaa tiba ina mtaalamu aliyesomea, ina lengo la afya, na mara nyingi picha inabaki faili moja na siri nyingine za mgonjwa. Karakana ya sanaa lengo lake ni kazi yenyewe. Mtu anaweza kutulia na kufurahi humo, kama fundi seremala anavyoweza kutulia akiwa na randa yake, lakini hatuiti useremala tiba.

Niko Leeds, Uingereza, nina mtoto mwenye usonji. Nilisikia msanii mwenye ulemavu ameshinda tuzo kubwa hapo Bradford. Ni kweli, au walimhurumia?

Ni kweli, dada, tena jirani yako kabisa. Desemba 2025 Nnena Kalu alitangazwa Bradford kuwa mshindi wa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, yenye pauni 25,000. Ni mtu wa kwanza mwenye ulemavu wa kujifunza kuishinda tangu ianze mwaka 1984. Alizaliwa Glasgow kwa wazazi wa Kinigeria, ana usonji, na maneno yake ni machache. Anafunga na kuzungushia kanda za video, nailoni, vitambaa na karatasi mpaka vinakuwa mafundo makubwa yanayoning'inia ukumbini. Na anachora mizunguko kama ya maji yanayozama, mara nyingi mchoro mmoja kisha mwenzake unaofanana nao.

Kuhusu huruma: amekuwa na ActionSpace, shirika la London linalowapa studio wasanii wenye ulemavu wa kujifunza, tangu 1999. Hiyo ni miaka 26 ya kwenda studio, wawezeshaji wakimshikia ngazi, wakimletea kanda. Hakuna huruma inayodumu muda huo.

Nilialikwa kwenye igizo la vijana wenye ulemavu wa akili hapa Mombasa. Watu walilia na kupiga makofi hata kabla wimbo haujaisha. Nilitoka nikiwa na uzito moyoni. Kuna maigizo ya watu hawa yanayotazamwa kama maigizo? Na maneno wanayakariri vipi?

Yapo, kaka, na uzito ulioupata ni wa haki. Anayepiga makofi kabla ya mwisho amekwisha kuamua kwamba mwisho hauna maana.

Back to Back Theatre ya Geelong, Australia, ipo tangu 1987. Waigizaji wake wana ulemavu wa akili au namna tofauti ya kufikiri, na wao ndio hutunga. Hukaa chumbani na mwongozaji, wanabuni, wanabishana, wanarekodi, na kutokana na maneno hayo tamthilia hujengeka polepole, pengine kwa miaka. Hawaigizi habari za "tunaomba mtukubali" tu; wanazungumzia madaraka, uongo, nani ana haki ya kusimulia habari za nani. Mwaka 2022 walipewa Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen, tuzo ya maigizo ya Norway, na mwaka 2024 Simba wa Dhahabu wa tamasha la maigizo la Venice, Italia, kwa kazi ya miaka yote. Zurich, Uswisi, kuna Theater HORA, iliyoanza 1993. Mwigizaji wao Julia Häusermann, mwenye Down sindromu, alipata mwaka 2013 Tuzo ya Alfred Kerr, ambayo hutolewa kwa waigizaji vijana kwenye tamasha la Berlin.

Unauliza vilevile wanakariri vipi. Wengine wanakariri kuliko mimi na wewe. Kwa asiyeweza, sisi hatumpi mistari ya mtu mwingine: tunamuuliza, tunaandika alivyojibu kwa maneno yake, na hayo ndiyo mazungumzo yake jukwaani. Kama matamshi hayasikiki vizuri, maneno yaandikwe yaonekane juu ya jukwaa. Back to Back wamewahi kufanya hivyo, na hapa projekta ya kuazima inatosha.

Mdogo wangu ana usonji. Ngoma ikianza anaziba masikio, lakini bado anataka kwenda. (Dada, Kisumu)

Mpeleke saa moja kabla, azione ngoma zikiwa kimya, azipige yeye kwanza. Kaeni karibu na mlango. Mnunulieni vile vizuia kelele vya masikioni wanavyovaa mafundi wa mashine. Waandaaji waombeni wasizime taa zote na waruhusu watu kutoka na kurudi. Kumbi za maigizo za Broadway, New York, walianza maonyesho ya namna hii kwa ajili ya watu wenye usonji mwaka 2011. Ombeni bila aibu.

Binti yangu ana mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili. Kikundi kimoja kimeuza picha zake tatu kwa watalii. Mimi nimeletewa unga na sabuni. Ni haki? (Baba, Mwanza)

Si haki, baba. Picha ni mali ya aliyeichora. Creative Growth ikiuza kazi, nusu ya bei huenda kwa msanii na nusu kwenye studio, maana studio imetoa rangi na mahali. Hata kama kikundi chenu kina gharama kubwa, mgawo ujulikane kabla ya kuuza, uandikwe, na binti mwenyewe aelezwe kwa lugha anayoielewa. Nenda na daftari. Uliza picha gani, bei gani, tarehe gani, nani kanunua. Na angalia kama nyuma ya picha pana jina lake, au pameandikwa tu "mtoto mwenye ulemavu".

Kuna la pili ambalo watu hulisahau. Kuuza picha hakumaanishi kuuza haki ya kuichapa kwenye kadi au fulana. Sheria yetu Tanzania ya hakimiliki ya mwaka 1999 inampa haki hiyo mtunzi, na haimwondolei kwa sababu ana ulemavu.

(Ndugu mlioko Marekani: anayepokea SSI, malipo ya serikali kwa wenye ulemavu wa kipato kidogo, haruhusiwi kuwa na akiba ya zaidi ya dola 2,000, na mauzo ya picha yanaweza kumkatia malipo. Ulizeni kuhusu akaunti za akiba za watu wenye ulemavu ziitwazo ABLE, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, kabla hamjaweka hela benki.)

Tuko wazazi sita Unguja. Tunataka kuanza, hatuna fedha, hatuna msanii. Tuanzie wapi?

Msanii mnaye, hamjamwita. Msuka mikoba wa ukili, mpiga ngoma wa harusi, fundi wa batiki: mwombeni mmoja aje asubuhi moja kwa wiki, afanye kazi yake mbele ya vijana wenu. Asifundishe, afanye tu. Mtaona nani anasogea.

Vifaa: pitieni kwa mafundi cherehani mchukue vipande vya kitenge na kanga vinavyotupwa, mvichane viwe kamba. Udongo wa mfinyanzi, mkaa, maboksi. Mahali pawe palepale kila wiki na saa ileile, kwa sababu wengi wa vijana wetu huchoka kwa mabadiliko kuliko kwa kazi. Sita wanatosha, msikimbilie ishirini.

Mkifika kwa viongozi, msiombe kama hisani. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na Kenya 2008, inazitaka serikali ziwawezeshe watu hawa kukuza vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao na kwa kuineemesha jamii nzima. Ichapisheni, mwende nayo mkononi.

Na siku ya kwanza nunueni kitu kimoja tu: kalamu ya wino usiofutika. Kazi ikimalizika, igeuzeni, mwandike nyuma jina la aliyeitengeneza. Anayeweza kuweka alama yake, hata nukta, aiweke yeye.