Mtoto hajakwambia anajua: kwa wasaidizi wapya wa maabara ya watoto wachanga

Wadogo zangu, nimemaliza kusoma rasimu za ripoti zenu na kalamu nyekundu imeishiwa wino. Karibu kila moja ina sentensi hii au ndugu yake: "Watoto wa miezi minne wanajua paka ni nini." Nani kawaambia? Mtoto mwenyewe alikaa mapajani mwa mama yake, akatazama picha ya kushoto sekunde nne, ya kulia sekunde saba, akapiga chafya, akalia. Ushahidi wote ndio huo. Mengine mmemwekea nyinyi mdomoni, na mdomo wenyewe ulikuwa umejaa kidole gumba.

Sitawarudisha darasani. Kuzoesha, kuchoka, kuzinduka kwa kitu kipya, hayo mmeyafanyia mtihani mkafaulu. Mnajua kwamba Robert Fantz alionyesha mwaka 1964 kuwa mtoto mchanga akirudiwarudiwa picha ileile huanza kuipa kisogo na kugeukia ile mpya, na kwamba riziki yetu yote inatoka kwenye uchovu huo: akizindukia kipya, tunasema ameona tofauti. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo kila kundi la wasaidizi hukosea, likiondoka linakuja jingine linakosea yaleyale, na mimi nazidi kuota mvi.

1. Anza na mzazi. Kabla hamjasimba video yoyote, yaani kuandika mtoto ametazama wapi na kwa muda gani, sikilizeni sauti yake. Juzi nimesikia kwenye video moja mama ananong'ona: "Ona mbwa! Mbwa mwingine huyo! Ona na huyu mbwa!" Msaidizi yuko nyuma ya pazia, anabonyeza kitufe kwa amani ya moyo. Mama simlaumu, mzazi yeyote akiona picha atamsimulia mwanawe. Sisi ndio hatukumwambia anyamaze. Na mnong'ono huo si jambo dogo. Alissa Ferry, Susan Hespos na Sandra Waxman walionyesha mwaka 2010 kwamba watoto wa miezi 3 hadi 4 walioonyeshwa picha huku wakisikia maneno waliunda kundi akilini, yaani walizichukua picha hizo kuwa za aina moja, ilhali wenzao walioona picha zilezile wakisikia milio tu hawakuunda. Kwa hiyo yule mama alikuwa anaendesha jaribio lake ndani ya jaribio letu, na lake lilikuwa limepangwa vizuri zaidi.

Mvalisheni mzazi miwani iliyozibwa, au mwambieni afumbe macho, na mumweleze sababu ili asidhani mnamshuku. Mkiona haya kumwomba, mkumbukeni Hans, yule farasi wa Berlin aliyesifiwa kwa kujua hesabu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alieleza kilichokuwa kinatokea: farasi alikuwa anausoma mwili wa muulizaji. Muulizaji asipojua jibu, na farasi hajui. Sasa mtoto wetu ana akili kuliko Hans, na tena ameukalia mwili wenyewe.

2. Anayesimba asijue mtoto yuko kundi gani la jaribio wala kitu kipya kiko upande upi. Hili halina mjadala.

3. Andikeni mwelekeo mnaoutarajia kabla ya mtoto wa kwanza kuingia chumbani. Mtoto aliyezoeshwa vya kutosha hupenda kipya, lakini asiyeshiba bado hupenda alichokizoea. Michael Hunter na Elinor Ames waliliweka wazi hilo mwaka 1988, wakaongeza kwamba umri na ugumu wa picha navyo vina sauti. Nimesoma rasimu ambayo jaribio la kwanza watoto "walitambua kundi kwa kupenda kipya" na la pili "walitambua kundi kwa kupenda cha zamani". Wakitazama huku wametambua, wakitazama kule wametambua. Hapo mtoto hana namna ya kushindwa, na jaribio lisiloshindika halijapima kitu.

4. Fanyeni jaribio pande zote mbili. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pananiuma hadi leo.

Nilipokuwa mwanafunzi nilichagua paka na mbwa, kama mlivyochagua nusu yenu. Nikakusanya picha za mbwa, nikazitia rangi ya nyuma moja, nikazoesha watoto wa miezi mitatu hadi minne kwa picha hizo jozi kwa jozi. Kisha jaribio: mbwa mpya upande mmoja, paka upande wa pili. Matokeo yakawa nusu kwa nusu. Wamemtazama paka sawasawa na mbwa mpya, wala hakuna aliyeshtuka. Mimi nikashangilia. Nilikuwa nimepata habari: watoto wa umri huu hawatofautishi paka na mbwa! Nikaisoma semina nzima kifua mbele.

Makala ya Paul Quinn, Peter Eimas na Stacey Rosenkrantz ya mwaka 1993 nilikuwa nimeisoma muhtasari peke yake. Ningefika katikati ningekuta kwamba wao walizoesha kwa pande zote mbili. Waliozoeshwa paka walimwona mbwa kuwa kitu kipya. Waliozoeshwa mbwa hawakumwona paka kuwa kitu kipya. Yaani mimi nilikuwa nimerudia nusu ya jaribio la watu, nikaita ugunduzi.

Msimamizi wangu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alichukua picha zangu za mbwa akazitandaza mezani: mwenye pua bapa, mwenye pua ndefu kama mwiko, mwenye masikio yaliyolala, mwenye masikio wima, mdogo mwenye manyoya tele, mrefu mwenye mbavu za kuhesabika. Kisha akamweka paka katikati yao. Akaniambia: "Mtoe huyu kwa macho tu. Umesahau kwamba anaitwa paka." Nikaangalia masikio yake, yamo kwa mbwa. Pua yake, imo. Ukubwa wa kichwa, umo. Paka yule alikuwa kama mgeni kwenye harusi, kila upande unadhani ni ndugu wa upande wa pili. Mbwa wangu walitofautiana mno kiasi kwamba kundi lililojengeka kutokana nao lilikuwa pana, na paka akatosha ndani bila kusukumana. Paka wao kwa wao hufanana zaidi. Ukianza na paka unajenga kundi jembamba, mbwa akija anabaki nje. Robert French, Denis Mareschal, Martial Mermillod na Quinn walikuja kulithibitisha mwaka 2004: walichagua na kurekebisha picha ili paka ndio watofautiane zaidi, na mambo yakageuka. Sasa mbwa ndiye aliyetosha ndani ya paka.

Hadi hapo ni aibu ya kitaaluma, inapona. Kisichopona ni barua. Nilikuwa nimeshawaandikia wazazi walioshiriki, kwa heshima na shukrani nyingi, nikawaambia kwamba tumegundua mtoto wao "bado hatofautishi paka na mbwa". Mama mmoja akapiga simu. Sauti ya chini, adabu tele. Aliuliza kama ampeleke mwanawe kwa daktari, au angoje kwanza kidogo. Mtoto wa miezi mitatu! Mzima wa afya, aliyekuwa amefanya kazi yake barabara na kuunda kundi lililofaa kabisa kwa picha alizopewa. Nilijikanyaga kanyaga kwenye simu, na kila nilivyoeleza wastani wa kundi ndivyo alivyozidi kunyamaza. Nikaandika barua ya pili kwa wazazi wote. Sijui wangapi waliiamini, maana mzazi huikumbuka ile ya kwanza.

Kwa hiyo: pande zote mbili. Kundi la kulinganisha la kupima kama wanapenda paka zaidi ya mbwa hata kabla ya kuzoeshwa. Jaribio dogo la kuhakikisha wanaweza kutofautisha paka mmoja na mwingine, la sivyo mnachokiita kategoria, yaani kundi la akilini, ni kutoona tu. Na barua kwa wazazi haitoki mpaka mimi niisome.

5. Ulizeni mtoto ameshika nini. Makundi yanaweza kuwa sahihi huku sababu ikiwa nyingine kabisa. David Rakison na George Butterworth, mwaka 1998, waliwapa watoto wa mwaka mmoja na zaidi wanyama na magari ya kuchezea. Wakagusa wanyama kwa mfululizo, magari kwa mfululizo, kila mtu akafurahi. Kisha wakaletewa wanyama waliowekewa magurudumu na magari yaliyowekewa miguu. Wadogo wakafuata miguu na magurudumu, wakaacha "mnyama" na "gari" kwenye vitabu vyetu. Vivyo hivyo, Quinn na Eimas walikuta kwamba kwa paka na mbwa watoto wadogo hutegemea sana kichwa na uso. Kwa hiyo mtu asiniletee "dhana ya uhai" kwa sababu mtoto amegusa ng'ombe baada ya farasi. Jean Mandler ametetea kwa nguvu kwamba wachanga wana dhana zinazozidi sura ya kitu, na jaribio lake na Laraine McDonough ninalipenda: watoto wa miezi 14 wanaonyeshwa mbwa akinyweshwa kikombe, kisha wanapewa mnyama mwingine na chombo cha usafiri, nao wanamnywesha mnyama. Anayetaka kudai dhana, apange kitu cha aina hiyo. Sekunde za kutazama peke yake hazifiki huko.

6. Mkono na jicho havisemi lugha moja. Mwaka 1985 Renée Baillargeon, Elizabeth Spelke na Stanley Wasserman waliwaonyesha watoto wa miezi 5 ubao unaozunguka na kupita mahali palipokuwa na boksi lililofichwa nyuma yake, na watoto wakatazama zaidi tukio hilo lisilowezekana. Lakini mtoto wa miezi 9, mkubwa kabisa kwa huyo, umfichie kitu mara kadhaa mahali pa kwanza kisha ukifiche pa pili mbele ya macho yake, ataunyoosha mkono pale pa kwanza, kama Jean Piaget, mwanasaikolojia wa watoto, alivyoeleza zamani. Je, kitu kilichofichwa kipo akilini mwake au hakipo? Wakubwa wamebishana miaka mingi, na wengine wanasema matokeo ya ubao yanaelezeka kwa kuzoea tu. Nyinyi andikeni mlichopima: alitazama muda gani, alinyoosha mkono wapi. Mwenye kutaka neno "anaelewa" alilipie kwa majaribio zaidi ya moja.

Hili linanikumbusha msaidizi mmoja hodari sana wa zamani, sasa ana maabara yake, aliyekuwa akiandika "mtoto alishangaa" kwenye fomu ya kusimba. Nikamuuliza mshangao una vitufe vingapi. Akakaa kimya siku nzima, kesho yake akafuta safu ile mwenyewe.

7. Idadi. Watoto wachache na matokeo ya kung'ara, mimi hujikuna kichwa. ManyBabies, mradi wa maabara nyingi kurudia jaribio moja pamoja, walipounganisha maabara 67 na watoto 2,329 kupima kama wachanga wanapenda usemi wa kubembeleza watoto, matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalithibitisha kwamba wanaupenda, ila tofauti ilikuwa ndogo kuliko tafiti za awali zilivyotutarajisha. Na hilo ni jambo ambalo karibu kila mtu alikuwa na hakika nalo. Waliolia na waliolala pia wahesabiwe, kundi kwa kundi, kwa sababu kama upande mmoja umelia zaidi, basi waliobaki si watoto walewale.

8. Madogomadogo. Msipange miadi saa ya usingizi wa mtoto. Ulizeni mzazi, msikisie. Aliyezaliwa kabla ya wakati, hesabuni umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa. Badilisheni upande wa kitu kipya, kwani kuna watoto wanaopenda kutazama upande wa kulia tu basi. Mtoto akichoka, acheni. Hakuna jozi ya mwisho iliyowahi kuokoa tasnifu ya mtu. Midoli ioshwe kila mtoto anapotoka, maana yote hupitia mdomoni, na ikauke kabla ya anayefuata. Na aliyemchukua ng'ombe wa plastiki mwenye magurudumu kumwonyesha mtu nyumbani, amrudishe leo. Tunaye huyo mmoja tu, na Jumatano kuna watoto.