Kwa mnaoanza kuchambua chesi na injini: mati na sare

Wadogo zangu wa Kigoma mnaojifunza chesi kwa simu, naona wengi mkimaliza mchezo mnakimbilia injini, yaani programu ya kuchezea na kuchambua chesi, kabla hata ya kujiuliza mlifungwa wapi. Si vibaya. Injini iitwayo Stockfish ni ya bure, inafanya kazi hata mtandao ukikatika, na hakuna binadamu anayeiweza. Ila namba inazoandika kuonyesha nani anaongoza hazina uzito mmoja.

Injini ikiandika mati ndani ya hatua 6, hilo si kisio. Imepitia majibu ya mpinzani ikakuta mfalme hana pa kukimbilia. Kazi hiyo inaiweza kwa sababu mfalme akipewa cheki, yaani akishambuliwa, majibu halali huwa machache, kwa hiyo inazama mbali kwa muda mfupi. Ndani yake mati ina namba kubwa mno, inayokatwa kidogo kwa kila hatua ya kuifikia. Bila makato hayo, mati ya hatua 2 na ya hatua 10 zingekuwa sawa kwake, na ingeweza kuzungukazunguka bila kufunga mchezo. (Anayetaka kuandika programu yake mwenyewe aliweke hilo akilini mapema.) Mati iliyothibitishwa si lazima iwe fupi kuliko zote: 9 inaweza kushuka hadi 6 ukiiacha iendelee kufikiri. Inayoanza na hatua ya kimya, isiyo cheki wala kula kete, huchelewa kuonekana, maana injini hupogoa matawi inayodhani hayana faida.

Kwenye sare ndipo inapowadanganya. Kwa sheria ya hatua 50, mchezaji anaweza kudai sare ikiwa kila upande umecheza hatua 50 bila askari kusogea wala kete kuliwa. Injini haioni mbali kiasi hicho. Askari wakifungana katikati na mwenye kete chache akajenga boma lisilopenyeka, mashine inahesabu kete, inaona upande mmoja umezidi, inaandika +4 (kama kuzidi kwa askari wanne; sifuri ni sare), kisha inapeleka mfalme kushoto na kumrudisha kulia kana kwamba kuna kazi inafanyika. Dawa yake: chezeni hatua inazopendekeza, 15 au 20 hivi. Namba ikiganda palepale, au ikianza kusinyaa kuelekea sifuri, shukuni boma.

Na sifuri yenyewe ni mbili. Kuna sare iliyokufa, na kuna sare inayoshikiliwa na hatua moja tu ambayo wewe kwenye saa ya dakika tano huioni. New York mwaka 1997, katika mchezo wa pili dhidi ya kompyuta ya chesi Deep Blue, Garry Kasparov alikubali kushindwa. Baadaye wachambuzi wakaonyesha kwamba alikuwa na njia ya kutafuta sare kwa cheki mfululizo. Bingwa wa dunia aliiamini mashine kupita macho yake. Kwa hiyo mkiona 0.00, ulizeni hatua ya pili kwa ubora inapewa ngapi. Ikiwa ni -5, hiyo sare si ya kupumzikia.

Kosa jingine ni letu, si la mashine: kupanga msimamo wa mwisho peke yake. Injini haijui kwamba msimamo huo umeshatokea mara mbili na wa tatu ni sare. Ingizeni hatua zote tangu mwanzo.

Kete zikipungua, acheni kukisia. Majedwali ya Syzygy, mafaili ya misimamo iliyokwisha kuhesabiwa hadi mwisho, yana majibu kamili ya misimamo hadi kete 7, wafalme wakihesabiwa. Ya kete 7 ni zaidi ya terabaiti 16, msahau. Ya kete 5 hayafiki gigabaiti moja: yashusheni kwa bando la usiku, muyaunganishe na injini kwenye kompyuta. Kisha pangeni askari wa pembeni na askofu asiyeshika rangi ya kona ambako askari huyo angegeuka malkia, mfalme mpinzani akiwa kona hiyohiyo. Jedwali litajibu sare papo hapo, wakati programu nyingi za zamani zilishangilia ushindi hapo.